Mkufu wa Nyota

Mama mwenzangu, siku yangu ya kuzaliwa binti yangu, ambaye sasa anajitegemea, aliniletea mkufu wa shanga za kioo. Ni nyeusi na za buluu, zenye chembe za rangi ya dhahabu zinazometameta kama anga la usiku. Aliponitajia bei nikasema, "Shanga tu, mwanangu?" Uso wake ukabadilika.

Baadaye ndipo nilipojifunza zinavyotengenezwa. Fundi huyeyusha ufito wa kioo kwenye mwali wa gesi na kuuzungushia kwenye kijiti cha chuma, shanga moja moja. Nyota zile ni kioo kiitwacho aventurini, kilichoanza kutengenezwa huko Venice, Italia, katika karne ya 17. Kinachong'aa ndani yake ni vipande vidogo mno vya shaba. Ushanga ukikamilika huwekwa katika tanuru lenye joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi, upoe polepole kwa saa kadhaa. Ukipoa ghafla, hupasuka.

Hapo nikajiona. Mtoto alikuja na moyo wa moto, nami nikammwagia maji baridi.

Jioni ile nilimwomba radhi, na Jumapili nikauvaa. Huufuta kwa kitambaa laini na kuuhifadhi peke yake, usikwaruzwe.

Mama, mwanao akikuletea zawadi, mshukuru kwanza. Habari za bei zinaweza kungoja.