Lori hupimwa uzani, dereva husahaulika

MALORI ya mizigo yatokayo bandari ya Mombasa kuelekea Malaba hupitishwa kwenye mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Lori likizidisha uzani unaoruhusiwa, mwenyewe huadhibiwa. Aliyeshika usukani hapimwi hapo, hata kama ana kisukari au shinikizo la damu asilolijua.

Kwa miaka mingi, afya ya madereva wa masafa marefu imezungumziwa kwa sababu ya Ukimwi pekee. Kazi iliyofanywa huko ni ya kusifiwa: shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa 2006, lilifungua kliniki kando ya barabara, Mlolongo na Salgaa zikiwemo. Unene haujapata msukumo kama huo.

Ni rahisi kumlaumu dereva kwa kupenda chipsi na nyama choma. Lakini hebu tuitazame siku yake. Ameketi tangu alfajiri. Miraa anayotafuna ili asisinzie humwondolea hamu ya kula mchana kutwa. Usiku njaa humrudia kwa kishindo, akala ugali na nyama za kutosha watu wawili, akashushia soda, kisha akajilaza papo hapo ndani ya lori kwa saa tatu au nne. Asiyelala vya kutosha huhisi njaa zaidi kesho yake. Naye aliyenenepa shingo huweza kuzibwa pumzi usingizini, akaamka mchovu na kusinzia barabarani. Hapo balaa si lake peke yake. Ni letu sote tunaopishana naye.

Sheria ya Trafiki, tangu irekebishwe 2012, hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Tajiri anayetaka mzigo ufike kesho amekwisha kumwagiza dereva avunje sheria, hata asipotamka neno.

Ndengu, maharagwe na sukuma wiki hupatikana katika hoteli zizo hizo, tena kwa bei nafuu kuliko nyama. Foleni ya mpakani nayo yatosha kwa matembezi ya nusu saa. Hata hivyo, mashauri haya hayamfai mtu asiye na wakati wa kulala.

Kwa kuwa malori hupita mizanini kwa lazima, serikali za kaunti zaweza kuweka hapo muuguzi mwenye kipimo cha shinikizo na cha sukari. Navyo vyama vya madereva, vinapojadiliana na waajiri kuhusu mishahara, vidai saa za kupumzika ziandikwe katika mkataba huo huo.