Mwalimu wa Chekechea Naye Ana Haki ya Kupumzika



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, wazazi tuliitwa katika kikao cha dharura kwenye chuo kimoja cha mtaani, ambacho asubuhi huwa chekechea na jioni huwa madrasa. Mwalimu aliyewalea watoto wetu kwa miaka sita alikuwa amemfinya mtoto wa miaka minne hadi mkono ukabaki na alama. Mama wa mtoto alikuwa akilia. Baba alitaka mwalimu afukuzwe kabla ya Magharibi. Mimi, mwenye mjukuu katika darasa hilo, nilikuwa na ghadhabu kama wenzangu.

Mwalimu alipopewa nafasi ya kusema hakujitetea. Aliwaomba radhi wazazi, akamwomba radhi na mtoto kwa jina lake. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakumsikia. Ndipo mzee mmoja wa makamo akauliza kwa upole, "Mwanangu, darasani kwako mna watoto wangapi?" Akajibu, hamsini na wawili. Akaulizwa nani anayemsaidia. Hakuna. Posho ya mwisho aliipata lini? Akainamisha kichwa. Mweka hazina wa kamati ndiye aliyejibu kwa niaba yake kwamba ni miezi miwili sasa.

Kikao kizima kilinyamaza.

Siandiki haya ili kufunika kosa. Anas bin Malik (R.A.) aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, alisimulia kwamba hakupata kusikia kutoka kwake hata neno la kuguna. Mtume (S.A.W.) alimbeba mjukuu wake Umama katika swala, na alikuwa akiifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Mtoto hafinywi, na anayemfinya huulizwa. Lakini tukimuuliza yeye peke yake, tutakuwa tumeuliza nusu ya swali.

Hebu tuitazame siku ya mwalimu huyu. Huamka kabla ya Alfajiri, akapika na kuwaandaa wanawe. Saa moja asubuhi yuko chuoni anafagia na kukoroga uji. Kutoka hapo hadi saa sita anafuta makamasi, anaamua ugomvi, anafundisha herufi, anaimba, anainama na kuinuka mara zisizo na hesabu. Saa tisa anarudi kwa ajili ya madrasa. Jambo lililonishtua zaidi nilielezwa baadaye na mke wangu, kwani wanawake huambiana wasiyotuambia sisi: mwalimu hanywi maji asubuhi nzima kwa makusudi, kwa kuwa akienda msalani hana wa kumwachia watoto. Koo hukauka, sauti hukwaruza, na sauti ikikwaruza hulazimika kupiga kelele zaidi ili asikike. Kufikia saa tano kichwa kinamgonga. Katika saa hiyo ndipo mkono ulipomtoka.

Kiwango kinachokubalika katika elimu ya awali hapa Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Sisi tumempa zaidi ya mara mbili, tena bila msaidizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika uainishaji wake wa maradhi hali ya mtu kuchakazwa na kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na mashaka ya kazi yasiyoshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuikinai kazi, na mtu kuhisi kwamba hafanyi tena lolote la maana. Wazee wetu wangesema tu kwamba fulani amechoka, lakini uchovu huu hautoki kwa usingizi wa usiku mmoja.

Wapo watakaosema kuwa mwalimu wa dini anafanya kazi kwa ajili ya Allah na ujira wake uko Akhera. Hoja hiyo huitoa yule ambaye mshahara wake mwenyewe haujachelewa. Mtume (S.A.W.) ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nasi ndio hao hao ambao mfungo sita ukiingia, hatukosi mchele na nyama ya pilau ya maulidi kwa mtaa mzima.

Tena dini yetu haikumwamuru mtu ajimalize, hata katika ibada. Salman al-Farisi (R.A.) alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa (R.A.), alimkuta ameipa mgongo dunia, mchana amefunga na usiku anasimama. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku alipotaka kuinuka kuswali akamwambia alale. Mwisho wa usiku ndipo wakaswali pamoja. Salman alimkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman.

Basi ustadha anayesoma ukurasa huu asione haya kukaa kitako. Kiti kifupi kinachomweka usawa na watoto huokoa mgongo, na mtoto humsikiliza vizuri zaidi mtu anayemtazama machoni. Makofi matatu au wimbo mfupi huliita darasa pasipo kuitesa koo. Hasira inapopanda, tumefundishwa kwamba aliyesimama akae, na isipoondoka alale. Darasani kulala hakuwezekani, lakini kukaa, kunyamaza na kuvuta pumzi kunawezekana. Na simu izimwe baada ya Isha. Sisi wazazi tuna kundi letu la ujumbe wa simu, na nimeona kwa macho yangu mwalimu akiulizwa saa nne usiku soksi ya mtoto iko wapi.

Hata hivyo hayo yote ni bure ikiwa jamii haikumshika mkono. Mradi wa madrasa za chekechea ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, uliwafunza ualimu wanawake wa mitaa ile ile yenye watoto. Ninaloliona kubwa katika utaratibu ule ni kwamba mwalimu hakufunzwa kisha akaachwa. Wakufunzi walimfuata darasani, wakakaa naye, wakazungumza naye juu ya kazi yake. Aliye peke yake na watoto hamsini hana hata mtu mzima mmoja wa kumwambia kuwa leo imekuwa ngumu.

Kikao chetu kilikwisha karibu na Isha. Baba wa mtoto hakuridhika, akamhamishia mwanawe kwingine, na sina la kumlaumu. Mwalimu alipewa onyo kwa maandishi, akapewa wiki mbili za mapumziko, na posho yake ya miezi miwili ilichangwa pale pale kikaoni. Ilionekana kwamba fedha zilikuwepo mifukoni muda wote. Aliporudi, tukaandika orodha ya zamu: kila asubuhi mzazi mmoja akae darasani kuanzia saa mbili hadi saa sita, apate kuwashika watoto mwalimu anapotoka kunywa maji na kujisaidia. Jumatatu hadi Jumatano zimepata watu, na Ijumaa nimeichukua mimi. Alhamisi bado haina mtu.