Waandishi wa Kuta na Mahakimu Wao

Wako watu wasemao kwamba maandishi ya ukutani katika miji mikubwa ni uchafu mtupu, na kwamba ayaandikaye ni mhuni asiye na elimu wala haya. Hukumu hii ni nyepesi kutamkwa, lakini ina kasoro moja kubwa: mahakimu wake hawajakisoma walichokihukumu.

Na utazamwe mji wa New York. Mwaka 1971 gazeti la New York Times lilieleza habari za tarishi mmoja kijana aliyejiita TAKI 183, yaani jina lake la utani pamoja na nambari ya mtaa wake. Jina hilo aliliandika kila alikopita. Hakuwa wa kwanza, lakini baada ya habari zile vijana wengi walimfuata, na aghalabu walikuwa watoto wa mitaa ya wanyonge, ambako jina la mtu halikutazamiwa kuonekana mahali pa heshima.

Vijana hawa hawakujiita wachoraji. Walijiita waandishi, na uandishi wao ulikuwa na chuo chake. Mwanafunzi alianza kwa kujaza daftari mifano ya herufi, akaipeleka kwa aliyemtangulia. Kuiga herufi za mwenzake kulihesabiwa wizi. Kuandika juu ya kazi iliyo bora kuliko yake kulihesabiwa utovu wa adabu. Na cheo cha ufalme hakikurithiwa, bali kilipatikana kwa wingi na uzuri wa kazi. Je, watu wenye mwalimu, mwanafunzi, sheria na aibu waweza kuitwa watu wasio na adabu?

Itajibiwa kwamba mabehewa ya treni waliyoyaandika hayakuwa mali yao. Jibu hili lina haki. Abiria aliyezibiwa dirisha kwa rangi asione kituo chake alidhulumiwa. Mji ulitunga sheria dhidi yao mwaka 1972, na mwaka 1989 treni ya mwisho yenye maandishi ikaondolewa njiani. Lakini kosa la mahali si kosa la kazi: shairi lililoandikwa katika karatasi ya wizi halipungukiwi na vina kwa sababu ya wizi ule.

Ushahidi ulipatikana Queens, katika jengo la 5Pointz, ambako waandishi walifanya kazi kwa idhini ya mwenye jengo. Usiku mmoja wa Novemba 2013 kuta zile zilipakwa rangi nyeupe. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe dola 6,750,000 kwa kazi 45 zilizoharibiwa, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu. Safari hii mharibifu hakuwa kijana mwenye kopo la rangi, bali mwenye jengo.

Msomi ana ruhusa ya kuyaona maandishi haya mabaya, maana mengi ni mabaya kweli, kama yalivyo mengi yapigwayo chapa vitabuni. Lakini hukumu ya msomi hutanguliwa na kusoma. Kufuta bila kusoma ni kazi ya brashi, si kazi ya elimu.