Mtoto akijikuna usiku kucha

Mzazi mwenzangu, ngozi ya mtoto haina siri. Ini likiugua huwezi kuliona, lakini ngozi hujitangaza yenyewe mbele ya jirani, mwalimu na mama mkwe. Nafikiri ndiyo sababu magonjwa ya ngozi huwatia wazazi aibu kuliko mengi ya magonjwa mengine. Aibu hiyo nayo ndiyo huwafanya wengine wamfungie mtoto ndani, au wampake chochote wanachoambiwa na wapita njia, hadi jambo dogo linakuwa kubwa.

Juma hili ningependa tuyaangalie machache ambayo huwapata watoto wetu mara kwa mara, ili ujue ni lipi unaloweza kulitunza nyumbani, na ni lipi la kukutoa mbio kwenda hospitalini.

Tuanze na upele, kwa sababu huu ndio unaosumbua nyumba nyingi na ndio usioeleweka vizuri. Upele huletwa na mdudu mdogo mno, ambaye ni vigumu kumwona kwa macho matupu. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mwili huchukizwa na mdudu huyo, mayai yake na uchafu wake, na hapo ndipo mwasho unapotoka. Mtoto hujikuna zaidi usiku, akishajifunika blanketi na kupata joto.

Ukitaka kuhakikisha, mpeleke kwenye mwangaza umtazame katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, kwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga tazama pia viganja, nyayo na hata kichwani, mahali ambapo mtu mzima kwa kawaida haupati.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini, maana ndilo linalowashinda wengi. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Muda huo wote anao, na anawaambukiza wenzake. Kwa hivyo mama anapompaka dawa yule anayejikuna pekee, akawaacha ndugu zake wawili wanaolala naye kitanda kimoja, anajisumbua bure. Baada ya mwezi upele umerudi, na lawama zote zinaelekezwa kwa dawa au kwa mwenye duka la dawa.

Dawa ya upele hupakwa na watu wote wa nyumba hiyo, usiku mmoja, wanaowashwa na wasiowashwa. Yaya pia. Baba wa nyumba mara nyingi ndiye mgumu kushawishika. Atakuambia yeye hana kitu na kwamba hayo ni mambo ya watoto. Mpe chupa yake na umgeuze mgongo umpake.

Zahanati nyingi hutoa dawa nyeupe ya maji iitwayo benzili benzoeti, ambayo kwa watoto huongezwa maji ili isiwachome. Wengine huandikiwa krimu ya pamethrini. Uliza kipimo cha mtoto kabla ya kuondoka dirishani. Dawa hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, wala si pale panapowasha tu. Mtoto mchanga hupakwa hadi kichwani, kwa uangalifu isimwingie machoni wala mdomoni, lakini mtoto aliye chini ya miezi miwili usimpake chochote kabla hajaonwa na daktari. Krimu ya pamethrini huachwa mwilini usiku kucha, kati ya saa 8 na 14, kisha mtoto huogeshwa, na hurudiwa baada ya juma moja au mawili kama utakavyoelekezwa.

Asubuhi yake fua shuka, nguo na taulo kwa maji moto, zianike juani na uzipige pasi. Mdudu huyu hawezi kuishi siku nyingi akiwa nje ya mwili wa binadamu. Blanketi nzito isiyofulika kwa urahisi ifunge ndani ya gunia safi kwa siku nne hivi (mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, kwa hivyo usihangaike kuitafuta).

Usishangae mtoto akiendelea kujikuna kwa majuma mawili au matatu baadaye. Wadudu wamekufa, lakini mabaki yao bado yako ndani ya ngozi. Wazazi wengi hapa hukosa subira, wakampaka dawa kila siku hadi ngozi ikababuka. Ila ukiona vipele vipya vikizuka, mrudishe.

Kuna wanaotumia mafuta ya taa, na wengine dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Tafadhali, mzazi, usithubutu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na sumu hiyo hupenya hadi kwenye damu. Mtoto aliyepakwa kitu kama hicho akianza kutokwa na mate mengi, kutapika, kulegea au kupumua kwa taabu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni na umkimbize hospitalini. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupoa ili kumwogesha sina ugomvi nayo, mradi yasichukue nafasi ya dawa, na mtoto asinyweshwe.

Pengine utaniuliza kwa nini nimeng'ang'ania upele wakati hauui mtu. Kwanza, Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa mwaka wa 2017, na si kwa mchezo. Pili, mtoto anayejikuna kwa kucha chafu hujitia vidonda, na vidonda hivyo huingiwa na viini. Utaona usaha, kisha vigaga vya rangi ya asali, hasa puani, mdomoni na mikononi. Vidonda vya namna hii huambukiza upesi sana, na vinaweza kumpata hata mtoto asiye na upele. Vikiwa viwili vitatu, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka vigaga vilainike na kutoka, mkate kucha, mpe taulo lake mwenyewe, na uombe dawa ya kupaka zahanatini. Vikienea, au mtoto akishikwa na homa, atahitaji dawa ya kumeza.

Baadhi ya viini hivyo huweza kudhuru figo. Majuma kadhaa baada ya vidonda, wakati hata umevisahau, mtoto huamka uso umemvimba kuzunguka macho, na mkojo wake ni mchache, wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona hivyo usingoje kesho. Nenda siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba mtoto alikuwa na vidonda vya ngozi, kwa sababu pengine vitakuwa vimepona na yeye hatakuwa na namna ya kujua.

Tuje kwa choa, ambacho wengi hukiita mashilingi kwa kuwa hufanya duara kama sarafu. Hiki si mdudu bali ni kuvu. Kikiwa mwilini, krimu ya kuua kuvu inayopakwa kwa majuma mawili hadi manne hutosha, mradi usiache mara tu duara linapofifia. Kikiwa kichwani, mambo ni tofauti. Kuvu hujificha kwenye mizizi ya nywele ambako krimu haifiki, na hata ukimpaka mwaka mzima utakuwa unapoteza fedha. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofalvini, kwa majuma sita au zaidi, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mara nyingine choa cha kichwani huvimba kikawa kama jipu laini linalotoa usaha. Usikubali mtu yeyote alipasue kwa wembe. Mpeleke akaonwe.

Na kinyozi je? Mashine inayotoka kichwa kimoja hadi kingine bila kusafishwa husambaza kuvu mtaa mzima. Una haki ya kumwomba aisafishe kwa dawa mbele yako, na akinuna, vinyozi ni wengi.

Usichanganye choa na yale mabaka meupe yaliyofifia ambayo hutokea mashavuni mwa watoto wa shule. Majirani watakwambia ni ukosefu wa vitamini au ni minyoo. Mara nyingi ni ukavu wa ngozi tu. Mafuta mazito ya kujipaka yatatosha, nayo mabaka yatatoweka polepole kwa miezi. Ila kama baka limekufa ganzi, yaani ukiligusa kwa ncha ya pamba mtoto hasikii, mpeleke kwa daktari achunguzwe ukoma. Ukoma bado upo, una tiba, na ukitibiwa mapema haumwachi mtu na ulemavu.

Ukurutu nao hauambukizi hata kidogo, ingawa kuna shule ambazo humtenga mtoto mwenye nao. Aghalabu huwapata watoto wa familia zenye pumu au mafua ya vumbi. Kwa watoto wachanga huanzia mashavuni, kwa wakubwa hukaa nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko. Dawa yake kuu ni mafuta: muogeshe kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, usimsugue kwa dodoki, kisha mpake mafuta mazito yasiyo na manukato kabla hajakauka vizuri, na urudie mara kadhaa kwa siku. Daktari anaweza kuongeza krimu yenye steroidi, na ikitumiwa alivyoagiza ni dawa nzuri. Hatari iko kwenye zile krimu kali zinazouzwa ovyo bila maelezo, ambazo watu humpaka mtoto kwa kila kipele. Hukonda ngozi ikabaki na michirizi, na zikipakwa kwenye choa hutuliza mwasho huku kuvu likizidi kutambaa chini kwa chini.

Harara ya joto, ambayo watu wa Pwani wanaijua vizuri, na wekundu wa matakoni unaoletwa na nepi mbichi, havihitaji daktari. Mpunguzie nguo, mwache wazi apate hewa, mbadilishe nepi mara kwa mara. Wekundu wa nepi usipoisha kwa siku tatu, hasa ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo, huenda ni kuvu na kuna krimu yake. Na lile doa la rangi ya samawati au kijivu ambalo mtoto huzaliwa nalo matakoni au mgongoni si jeraha wala yaya hakumpiga. Huisha lenyewe akiendelea kukua.

Upele unapoandamana na homa ndipo mzazi anapaswa kuwa macho zaidi. Ukambi huanza kwa homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, na baada ya siku tatu au nne vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mwilini. Mtoto huyu apelekwe kliniki, apewe pia vitamini A. Tazama kijitabu chake kama alipata chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Ile ya pili wengi huisahau. Tetekuwanga huleta malengelenge ya maji. Kwa mtoto mwenye afya huisha yenyewe, lakini akae nyumbani hadi yote yakauke, na kamwe asipewe aspirini.

Kuna nyakati ambazo hata kungoja kupambazuke ni kuchelewa. Mtoto ana homa na madoa ya zambarau au meusi mwilini ambayo hayafifii ukiyabonyeza kwa gilasi. Amevimba midomo na uso ghafla na anakoroma akipumua. Amemeza dawa siku chache zilizopita, na sasa ngozi inachunika huku mdomo na macho vikiwa na vidonda. Sehemu ya ngozi imevimba, ina joto na inaenea saa baada ya saa. Au ni mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye malengelenge au vipele vya usaha, hata kama ananyonya vizuri.

Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi tu, na mwingine usionekane kabisa. Kwa hivyo tumia mkono wako kupima joto na uvimbe, na umtazame mtoto kwenye viganja, nyayo, ndani ya mdomo na ndani ya kope za chini, ambako rangi hujionyesha.

Siku ya kwenda kliniki usimpake dawa ya zambarau wala majivu wala poda, maana daktari ataona rangi ya dawa badala ya ugonjwa. Kama tayari umempaka, usione haya kusema. Beba chupa au kijaluba chenyewe, hata kama karatasi yake imebanduka, na umweleze ni lini ulianza, mara ngapi kwa siku, na nani mwingine nyumbani anajikuna.