Nyumba gani inafunguliwa usiku?



Juma lililopita tulikaa muda mrefu tukizungumza juu ya usalama katika avenyu zetu, na nilisikia tena ushauri tunaoujua wote: binti asitoke giza likiingia, mama asirudi peke yake kutoka soko, na kama ni lazima apite, basi mume au kaka amsindikize. Siudharau ushauri huo. Hata mimi huwaambia wasichana wa darasa langu watembee wawili wawili. Ila leo ninataka kuwaeleza habari ya wanawake wa Boston, mji wa Marekani, waliopewa ushauri huohuo mwaka 1979, na namna walivyoujibu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka ule, maiti za wasichana wawili weusi zilikutwa katika Roxbury, kartie ya watu weusi. Magazeti ya mji yaliandika habari fupi tu, kurasa za ndani. Wengine walinong'ona kwamba labda walikuwa malaya, au watoto waliotoroka kwao. (Wimbo huo tunaujua, sivyo? Mwanamke akiumizwa, watu huanza kwa kuuliza alikuwa wapi saa ile.) Kisha akauawa mwingine, na mwingine tena. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano, wanawake weusi 12 walikuwa wamekufa, pamoja na mwanamke mzungu mmoja, na karibu wote walikutwa katika kartie tatu zinazopakana: Roxbury, Dorchester na South End.

Tarehe 1 Aprili watu wapatao 1,500 walitembea barabarani kuwaombolezea. Wasemaji wengi siku ile walikuwa wanaume. Walisema haya ni mauaji ya ubaguzi wa rangi, na katika hilo hawakukosea. Lakini hakuna aliyetaja kwamba wote waliouawa ni wanawake. Na dawa waliyotoa ilikuwa ileile: wanawake wabaki nyumbani, wanaume wawalinde.

Katika umati ule alikuwepo Barbara Smith, mwanamke wa miaka 32. Yeye, dada yake pacha Beverly, rafiki yao Demita Frazier na wengine walikuwa na kundi lililoanza mwaka 1974, lililoitwa Combahee River Collective. Mnisamehe, mwalimu ni mwalimu, lazima nieleze jina. Combahee ni mto wa South Carolina. Mwezi wa sita mwaka 1863 Harriet Tubman, mwanamke aliyezaliwa mtumwa, aliongoza askari katika mto ule usiku, wakakomboa watumwa zaidi ya 700. Wanawake hawa walichagua jina la kazi iliyofanyika na kuongozwa na mwanamke.

Jambo lingine linafaa kusemwa bila kuzunguka. Wengi katika kundi lile walikuwa wanawake wanaopenda wanawake wenzao, na walilisema wazi katika tamko lao la mwaka 1977. Tamko hilo lilieleza kwamba rangi, uanamke, umaskini, na huyo unayempenda, vyote vinamkuta mtu mmoja katika mwili mmoja, kwa hiyo huwezi kumwambia asubiri tumalize shida moja kwanza. Ndiyo maana pale kwenye maandamano Smith aliliona kosa upesi. Alirudi nyumbani siku ileile, akaanza kuandika.

Kilichotoka ni kijitabu chenye swali katika kichwa chake: wanawake weusi sita, kwa nini walikufa? Kilipokuwa kinatayarishwa waliendelea kufa, basi namba 6 ikakatwa kwa mstari ikaandikwa 7, nayo ikakatwa ikaandikwa 8. Hawakuficha namba zilizokatwa. Kila aliyekishika aliziona. Kilitolewa kwa Kiingereza na Kihispania, kikagawiwa maelfu. Ndani yake kulikuwa na mashauri ya kujilinda, na majina ya makundi yaliyokuwa yakifanya kazi mtaani, ili msomaji ajue mahali pa kwenda. Na juu ya ule ushauri wa kubaki ndani, walijibu hivi kwa maana: nani atakwenda kazini? Nani atachukua watoto masomoni? Na yule anayepigwa ndani ya nyumba yake, abaki ndani wapi?

Mimi nimelirudia swali hilo la mwisho mara nyingi.

Katika Dorchester, wanawake walianzisha mpango wa taa za kijani. Familia iliyokubali, kisha kuchunguzwa na kufundishwa, iliweka taa ya kijani mbele ya nyumba. Mwanamke akifuatwa usiku, anajua mlango wa kugonga. Katika South End majirani, weusi na wazungu, waliunda kundi la kulinda mitaa yao. Makundi haya hayakufanana, na hayakukubaliana katika kila jambo. Kulikuwa na watu wa dini, wake za watu, wale wa Combahee. Lakini walikutana, na kijitabu cha wanawake ambao wengi hawakutaka hata kukaa nao ndicho kilichosomwa katika nyumba nyingi.

Sasa turudi huku kwetu. Umeme wetu hautoshi kuwasha taa ya kijani usiku mzima. Lakini tuna masufuria na filimbi. Mwizi akiingia parseli moja, avenyu nzima inapiga masufuria mpaka anakimbia. Hatukufundishwa na mtu, na inafanya kazi. Ila niambieni: mara ya mwisho mama alipolia usiku nyumbani kwake, ni sufuria gani iliyopigwa? Tulisema ni mambo ya ndoa. Tukajifunika blanketi.

Na kuna lile tulilolizunguka juma lililopita. Binti anayeshona nguo karibu na soko alipigwa na vijana, wakimwambia anavaa kama mwanamume na anaishi na msichana mwenzake. Asubuhi kwenye robine tulizungumza suruali yake. Vijana wale hatukuwazungumza. Siku chache baadaye mama mmoja aliporwa pesa za likelemba katika njia ileile. Wengine wanasema ni vijana walewale. Mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba tulijua njia ile imekuwa ya hatari, na hatukumwonya mtu, kwa sababu wa kwanza kuumia hakuwa mtu tuliyemhurumia.

Mama mmoja aliuliza kama tunaweza kumwalika binti huyo katika chama bila watu kusema tunakubali maisha yake. Ninajua kanisani tunafundishwa nini, na ukurasa huu mdogo hautamaliza mazungumzo hayo. Lakini kwangu jibu ni rahisi: mtu anayekimbia fimbo usiku haulizwi analala na nani kabla ya kufunguliwa mlango. Zaidi ya hayo, yeye anazijua njia mbaya za kartie hii kuliko sisi wote, maana amezipita akiogopa. Anajua vijana wale wanakaa wapi, saa ngapi. Tunamhitaji.

Jumamosi, kisha kuchanga likelemba, tutabaki nusu saa. Ninaomba mambo mawili. Kwanza, kila avenyu itoe angalau nyumba mbili ambazo mama wa nyumba, na mume wake kama yupo, wamekubali kufungua usiku. Tutazichagua kwa uangalifu, kwa sababu nyumba mbaya ni mtego. Pili, tukubaliane mlio wa kupiga sufuria kwa ajili ya mwanamke anayepigwa, usiofanana na ule wa mwizi. Mama anayeuza mihogo amependekeza mapigo matatu, kimya, halafu matatu. Binti mshonaji nimemwalika mimi mwenyewe. Amesema atafikiri.