Kisomo Kisomwe Njiani

Tumfikirie mama mmoja wa Peramiho, anayetibiwa lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Dawa za kuituliza kinga hiyo zimemsaidia. Viungo vimepoa, nyumba imetulia. Kisha, wiki baada ya wiki, mkono unalegea, maneno yanamkwama, sahani zinamponyoka. Jirani asema amepandwa na jini. Binti asema ni zile dawa, aziache. Sisi twasema: arejeshwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Viko virusi viitwavyo JC, vilivyotambuliwa mwaka 1971 na kupewa herufi za jina la mgonjwa. Watu wazima walio wengi wanavyo, navyo hukaa kimya figoni. Kinga ikidhoofika mno, kwa VVU au kwa dawa, huweza kuingia ubongoni na kula utando unaofunika nyuzi za fahamu. Jambo hili ni nadra sana, lakini lipo: mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili wa lupasi waliotumia rituximab kufariki kwalo.

Dawa ya kuviua virusi hivyo haijapatikana. Tegemeo ni kuirudishia kinga nguvu zake mapema, na daktari ndiye ajuaye dawa ipi ipunguzwe na kwa kiasi gani. Mgonjwa asikate mwenyewe: mtumiaji wa muda mrefu wa predinisoloni akiiacha ghafla huweza kuanguka na kufa.

Tena, si kila udhaifu ni virusi hivyo. Yaweza kuwa kiharusi, au lupasi yenyewe imefika ubongoni. Yaweza kuwa virusi vya hepesi, vyenye homa na kuchanganyikiwa, ambavyo dawa yake, asaikloviri, huokoa maisha ikiwahi. Kuvitofautisha huhitaji picha ya MRI na kupima majimaji ya uti wa mgongo, hata ikibidi rufaa ya mbali hadi Muhimbili.

Dua haigombani na dawa. Kisomo kisomwe, ila kisomwe garini, njiani kwenda hospitali, na majina ya dawa zote anazotumia mgonjwa yawe yameandikwa mkononi mwa msindikizaji. Kusubiri kisomo kimalizike nyumbani ni kumpa adui wiki nyingine.

Wabillahi tawfiq.