TUACHE KUUA VIFARANGA KWA BESENI LA MAJI

Ndugu wanaushirika na wananchi wote wa Mtambile,

Leo hatuna habari ya mkutano wala ya michango. Tuna neno moja, na tutalisema wazi hata kama litamchoma mtu. Katika mji wetu vifaranga wanauliwa kabla hawajatoka ndani ya yai, na wanaowaua si mwewe, si paka, wala si mdondo. Ni sisi wenyewe.

Mambo yenyewe huwa hivi. Koo amelalia karibu wiki tatu. Ikifika siku ya 19 au ya 20, mwenye kuku anaingiwa na wasiwasi: "Mbona kimya? Yamekufa nini haya?" Anaitwa jirani mjuzi, linaletwa beseni la maji, mayai yanatiwa moja moja. Linalochezacheza linarudishwa. Lililotulia, "Viza hilo, tupa!" Na wengine hawana hata hilo beseni, hulitikisa yai sikioni kama mtu anayechagua nazi.

Mwezi uliopita baadhi yetu tuliyaokota jaani mayai yaliyohukumiwa viza, tukalipasua moja. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, manyoya yameshaota, kiini hakijamaliza kuingia tumboni, na bado anahema. Hakuishi. Na mwenye kuku alikwisha ambiwa kuwa koo wake hafai, akamchinja. Jamani, koo yule alikosa nini? Alifanya kazi yake siku 20, sisi tukaiharibu kwa dakika moja.

Sasa hebu tuulizane: maji yanapima nini? Yai lina matundu madogo madogo kwa maelfu, hayaonekani kwa macho. Kwa matundu hayo unyevu hutoka kila siku, na kwenye ncha butu hubaki chumba cha hewa kinachozidi kukua. Ndio maana yai lililolaliwa siku nyingi huelea. Lililo hai huelea, na lililooza huelea vile vile. Kuelea kunapima hewa, hakupimi uhai. Kipimo hicho kinamfaa anayetaka kujua yai la kukaanga ni la leo au la zamani. Yai la kutotolewa halihusiani nacho.

Watu watasema: "Lakini lililo hai hucheza majini, tumeliona kwa macho." Hatukatai. Yai lisilo na ufa, likitiwa katika maji ya vuguvugu, linaweza kucheza, na likicheza lina uhai. Lakini lisipocheza, nani kakwambia kuwa limekufa? Kifaranga wa siku ya 19 amejaa ndani ya yai hana nafasi, na tena hupumzika. Mtu aliyelala usingizi hatumchimbii kaburi.

Na madhara yapo. Kama kifaranga ameshatoboa ganda, hata tundu dogo tu, maji yataingia na kumzamisha. Maji baridi yanamtia baridi. Maji machafu yanapitisha uchafu kwenye yale matundu. Basi hata yai unalolirudisha ukisema "hili zima", huenda umeshaliharibu.

Wapo wanaosema kuwa ndivyo walivyofanya bibi zetu. Bibi zetu tunawaheshimu, lakini wao walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, nacho ni subira. Kule Misri, tangu zamani za kale, watu walitotoa mayai kwa maelfu katika majoko ya matofali ya udongo, bila umeme wala kipimajoto. Mfanyakazi aliliweka yai kwenye kope ya jicho akajua joto lake. Hawakuwa na vyombo kutushinda sisi. Walikuwa na utaratibu.

"Yai moja si kitu," watasema wengine. Haya, tufanye hesabu. Koo amelalia mayai 12, wewe ukatupa 3 yaliyo hai. Akitotoa mara 3 kwa mwaka, umetupa vifaranga 9. Hata wakipona 4 tu, hao ni kuku 4. Karafuu hazizai sawasawa kila mwaka, wote tunalijua hilo. Kuku ndiye anayeuzwa siku mtoto anapotakiwa daftari, au mgonjwa anapotakiwa kupelekwa hospitali Mkoani. Na mwenye kuku mara nyingi ni mama, ambaye karafuu si zake wala ng'ombe si wake. Hasara hii inamwangukia yeye.

Na sisi Kamati tujikosoe. Tulilionyesha beseni hili katika banda la ushirika, mbele ya wanachama, tukajiona wataalamu. Tulikosea. Kuanzia leo mtindo huo umekwisha bandani, na tunataka ukome majumbani pia. Utaratibu ni huu:

1. Andika tarehe ya kulalia. Usikisie. Kuku ni siku 21. Kanga ni 26 hadi 28. Bata wa kawaida ni 28, lakini bata wetu hawa wenye vinundu vyekundu usoni ni siku 35. Aliyempa kuku alalie mayai ya bata, kisha akayatupa siku ya 22, asimlaumu kuku.

2. Pima kwa kurunzi, usiku, siku ya 7 na ya 14. Funika kioo kwa karatasi ngumu yenye tundu dogo, weka ncha butu juu ya tundu. Siku ya 7, lililo hai lina mishipa myekundu kama utando wa buibui. Lililo jeupe tupu halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu limekufa. Hayo yaondoe.

3. Kuanzia siku ya 18, mikono mbali. Kama ni lazima kutazama, tazama kwa kurunzi tu na urudishe upesi. Lililo hai ni jeusi karibu lote, isipokuwa chumba cha hewa. Ukiona mishipa kwenye ukingo wake, au kivuli cha mdomo kinagusagusa, yu hai. Usipoona kitu, usihukumu. Ganda la rangi ya udongo huficha.

4. Usitupe mpaka siku ya 23 iishe. Likinuka au likitoka maji, hilo liondoe taratibu lisipasuke.

5. Aliyetoboa ganda mwache. Anaweza kuchukua siku nzima kutoka. Ukimbandua kwa kucha atatoka damu.

6. Koo akiondoka na vifaranga wa kwanza, mayai yaliyobaki mtilie koo mwengine usiku. Ubaridi wa saa chache si kifo. Na wenye mashine za umeme wasikie hili: umeme ukikatika siku za mwisho, funika mashine na usubiri. Kifaranga mkubwa ana joto lake mwenyewe.

Ndugu zetu, hatumkatazi mtu kutupa yai bovu. Tunamkataza kumhukumu asiyemjua hali yake. Yai viza likikaa siku mbili zaidi chini ya kuku, hasara yake ni ndogo. Yai hai likitupwa, halirudi.

Mwenye jawabu dhidi ya haya na aliandike alilete. Tutalibandika hapa hapa, pembeni ya hili letu.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Kuku ya Ushirika, Mtambile